Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Tanga: Daladala ziondoke kwa saa, zisisubiri kujaa

Kwa Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Tanga, Mkurugenzi wa Jiji, Mkuu wa Mkoa, pamoja na watendaji wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), TANROADS (wakala wa barabara kuu) na Shirika la Reli Tanzania wenye dhamana katika mkoa wetu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Ninaishi Pongwe, ninafundisha mjini, na kwa miaka kumi na moja sasa nimekuwa nikienda kazini na kurudi nyumbani kwa daladala. Nimeamua kuwaandikia nyote kwa pamoja na kwa uwazi, badala ya kupeleka barua ofisi moja moja, kwa sababu jambo lenyewe limetawanyika katika meza zenu: leseni ya gari iko kwa mmoja, kituo kiko kwa mwingine, barabara kuu iko kwa wa tatu na reli iko kwa wa nne, ilhali abiria ni yule yule mmoja aliyesimama juani.

Ombi langu ni kwamba daladala za Tanga zianze kuondoka kwa saa iliyopangwa, wala zisisubiri kujaa, na kwamba mfumo wa malipo unaozizuia kufanya hivyo ubadilishwe mapema, wakati wakazi wengi wa jiji hili bado hawajanunua magari yao wenyewe.

Jumatano moja ya masika yaliyopita nilitoka shuleni saa kumi na moja jioni. Kituoni nilikuta kipanya, yaani daladala ndogo, cha Pongwe kimeegeshwa, injini inanguruma, konda yuko mlangoni akiita, na ndani wameketi watu sita. Nikaingia, nikakaa siti ya nyuma. Dereva alisogeza gari hatua mbili mbele, akalirudisha hatua mbili nyuma, ili sisi tuliokwisha kuketi tuamini kwamba anaondoka na walio nje waamini kwamba wanaachwa. Alifanya hivyo kwa zaidi ya nusu saa, huku moshi wa dizeli ukituingilia madirishani. Wanafunzi wangu watatu wa kidato cha pili walikuwa wamesimama kando ya mlango, mvua inawanyeshea mabegani, na konda amewazuia kwa mkono wake. Alitaka watu wazima wapatikane kwanza, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni sehemu tu ya nauli ya mtu mzima na siti ni ile ile. Katika kungoja huko, wawili kati ya watu sita niliowakuta ndani walichoka, wakashuka, wakapanda bodaboda. Gari likaanza upya kuwatafuta wawili wengine wa kujaza nafasi zao. Tulipoondoka ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, na tulipofika Kange, penye kituo cha mabasi ya mikoani, dereva akatangaza kwamba gari linaishia hapo. Basi la mkoani lilikuwa limeingia na abiria wake walikuwa na mizigo ya kulipia. Tulirudishiwa sehemu ya nauli, tukashuka matopeni.

Siwaandikii ili kumshitaki konda yule. Nimezungumza na madereva wengi kwa miaka hii, baadhi yao niliwafundisha, na najua wanavyofanya kazi. Dereva wa daladala hana mshahara. Alfajiri analichukua gari la tajiri kwa makubaliano ya hesabu, yaani kiasi cha fedha ambacho sharti kifike mkononi mwa tajiri jioni, abiria wawe wengi au wachache. Mafuta ni juu yake, mpiga debe ni juu yake, faini ni juu yake, na kinachosalia baada ya hayo yote ndicho anachogawana na konda. Akichoka, humpa gari deiwaka, yaani dereva wa kibarua, amalizie siku. Mtu aliyefungwa na mapatano ya namna hii hawezi kuondoka na siti tupu, kwa maana kila siti tupu inakatwa kwenye chakula cha watoto wake. Ndiyo maana husubiri kituoni mpaka ajaze, kisha hukimbiza gari barabarani ili afidie muda alioupoteza akisubiri. Ndiyo maana pia humkwepa mwanafunzi, hukatisha ruti panapotokea abiria wa kulipa zaidi, na ifikapo saa tatu usiku huliegesha gari, kwa sababu abiria watano wa usiku hawamlipi hata mafuta. Tumezoea kuyaita mambo haya utovu wa nidhamu, tukayajibu kwa operesheni za kukamata magari, na wiki moja baada ya operesheni yote hurudi vilevile. Kinachoyazalisha ni hesabu, na hesabu haijawahi kuguswa.

Nilipoanza kazi katika shule yetu, chini ya mwarobaini kulikuwa kukiegeshwa gari moja tu, la mkuu wa shule. Leo yanaegeshwa saba, na pikipiki sijazihesabu. Wenzangu walionunua magari hayo si matajiri. Walikopa benki, wakaagiza gari lililotumika Japani, na sasa sehemu kubwa ya mshahara inakatwa kabla hawajaiona. Nilimuuliza mmoja wao, mama wa watoto wawili, kwa nini amejitwika mzigo huo. Alinijibu kwamba hakununua gari, alinunua uhakika wa kufika. Jibu hilo limekaa moyoni mwangu, kwa sababu linaeleza kwa nini watu wanaiacha daladala: kinachowakimbiza kwanza ni kutojua gari litaondoka saa ngapi, kuliko hata nauli au kubanana.

Kwa mujibu wa sensa, Jiji la Tanga lilikuwa na watu wapatao 273,000 mwaka 2012, na mwaka 2022 walikuwa wamezidi 390,000. Bandari yetu imeboreshwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 429, kina kimechimbwa na meli kubwa sasa zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linamalizikia Chongoleani. Kazi zinakuja, watu wanakuja, na malori yanakuja pamoja nao. Yote hayo ni heri kwetu. Lakini kila familia mpya inayopata kipato na kukuta daladala haiaminiki, itanunua gari, na likishanunuliwa halitaachwa nyumbani hata basi zuri likipatikana miaka kumi baadaye.

Naomba tufanye hesabu ya kawaida, ambayo mimi huwapa wanafunzi wangu darasani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7. Tuchukue gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita, likiwa na mtu mmoja ndani: mtu huyo anatoa gramu 230 kwa kila kilomita. Tuchukue Kosta, basi la ukubwa wa kati, inayokwenda kilomita 5 kwa lita ya dizeli, ikiwa na watu 27: kila mmoja wao anabeba gramu 20. Hata Kosta hiyo ikiondoka nusu tupu, kwa saa yake, bado kila abiria atakuwa na gramu 40 hivi, ambayo ni chini ya moja ya tano ya mwenye gari dogo. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita inaonekana nyepesi, gramu 58 tu, lakini mara nyingi hurudi bila abiria, na ukiiongeza safari hiyo ya kurudi, kiasi chake kinapita gramu 110 kwa abiria mmoja. Wanafunzi wangu hushangaa kila mwaka kuona kwamba basi lisilojaa ni safi kuliko pikipiki.

Najua wapo watakaosema kwamba hewa chafu ya Tanga ni tone baharini mbele ya viwanda vya mataifa makubwa, nami sibishani nao. Hata hivyo Serikali yetu iliahidi mwaka 2021, chini ya Mkataba wa Paris, kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote, na uchukuzi umo miongoni mwa sekta zilizotajwa. Ahadi hiyo haitekelezwi Dodoma peke yake. Zaidi ya hapo, kabla moshi haujafika angani unapita puani mwa muuza maandazi wa kituoni, anayekaa kuanzia alfajiri hadi usiku karibu na mabomba ya magari yanayonguruma bila kwenda popote. Nchi yetu hainunui tone la petroli wala dizeli ila kwa fedha za kigeni. Hapa Tanga tunaziona meli zenyewe zikishusha. Mafuta yanayoungua nusu saa gari likiwa limesimama ni fedha ambazo hazikumpeleka mtu yeyote mahali popote.

Sasa nieleze ninachopendekeza badala yake. Sipendekezi turudi kwenye mabasi ya shirika la umma kama tulivyoyajua. Wenye umri wangu tunayakumbuka mabasi ya UDA ya Dar es Salaam, shirika lililoanzishwa mwaka 1974, jinsi yalivyokosa vipuri na kupungua barabarani hadi Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi mwaka 1983. Nauli ilikuwa shilingi tano, ambayo watu waliiita dala, na ndipo jina la daladala lilipozaliwa. Wala sipendekezi mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yao wenyewe ya zege. Dar es Salaam ilianza huduma hiyo Mei 2016 kwa njia ya takriban kilomita 21, na walioipanda siku za mwanzo walionja safari ambayo haikuwa imewahi kuonekana katika jiji lile. Kilichowachosha wananchi baadaye ni uchache wa mabasi. Njia ya zege ilikuwepo, abiria walikuwepo, gari likachelewa kuja. Tanga haina foleni za kuhitaji njia ya zege, na fundisho tunalolihitaji kutoka kule ni kwamba abiria hupanda idadi ya safari na uhakika wake.

Ninachopendekeza ni mkataba wa huduma. Wamiliki wa daladala wa ruti moja wajiunge katika ushirika au kampuni yao wenyewe, magari yabaki mali yao, lakini nauli ikusanywe katika mfuko mmoja kwa kadi au kwa simu, kama tunavyolipia leo umeme na maji. Kutoka katika mfuko huo mmiliki alipwe kwa kila kilomita ambayo gari lake limekwenda kwa mujibu wa ratiba, dereva na konda wapate mshahara wa mwezi na siku ya mapumziko, na anayekatisha ruti akatwe. Siku ile dereva atakapokuwa analipwa sawasawa akiwa na abiria ishirini au saba, hatakuwa na sababu ya kusogeza gari mbele na nyuma kituoni, wala sababu ya kumzuia mtoto mlangoni. LATRA inatoa leseni na kupanga nauli, kwa hiyo inaweza kuiweka ratiba ndani ya masharti ya leseni. Jiji linaweza kusimamia mfuko. Safari za alfajiri na usiku, ambazo peke yake hazijilipi, zifidiwe kwa sehemu ya ada ya maegesho inayotozwa mjini. Naona ni haki kwamba nafasi ya barabara inayokaliwa na gari la mtu mmoja imchangie aliyemwachia nafasi hiyo.

Wamiliki watahofu, na wana haki ya kuhofu. Wengi wao ni wastaafu walionunua kipanya kimoja kwa kiinua mgongo chao, na hesabu ya jioni ndiyo pensheni yao. Kwa hiyo naomba pasianzwe kwa amri ya jiji zima. Ichaguliwe ruti moja, ningependa iwe ya Pongwe kwa sababu inapita Kange na inabeba wafanyakazi, wagonjwa na wanafunzi, lakini sitalalamika ikichaguliwa ya Amboni au ya Mabokweni. Iendeshwe mwaka mmoja, gari likiondoka kila baada ya dakika kumi na tano kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na wamiliki wahakikishiwe kwamba hawatapata pungufu ya walichokuwa wakikipata. Mahesabu ya mfuko yabandikwe kituoni kila mwezi, mahali ambapo abiria na mwenye gari wote watayasoma.

Kituo chenyewe nacho kinahitaji paa, benchi, taa na ubao wa saa. Sitarefusha hapo, kila mmoja wenu anajua jua la Tanga la Februari. Niseme tu juu ya Kange, kwamba mgeni anayeshuka pale saa tano usiku akiwa na mtoto mgongoni hana chaguo ila bodaboda au teksi kwa bei atakayotajiwa. Mabasi ya mikoani yana saa za kufika zinazojulikana. Gari la mjini linaweza kuyangoja.

Kuna utajiri mwingine tulio nao ambao miji mingine inautafuta kwa gharama kubwa. Tanga ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zina namba, na watu wake hawajaacha baiskeli. Wageni hustaajabu kuwaona wanawake waliovaa baibui wakiendesha baiskeli bila mtu kugeuka kuwatazama. Jirani yangu mmoja wa zamani, nilipokuwa nikipanga Makorora, ni mama muuza samaki. Kila alfajiri hufunga ndoo mbili kwenye keria kwa mpira wa tairi, hukunja ncha za baibui lake na kuzibana kwa kibanio cha nguo zisiingie kwenye mnyororo, kisha hushuka soko la Deep Sea na kurudi na samaki wakiwa bado wana macho maangavu. Hatumii hata tone la mafuta. Mwaka juzi alisukumwa na lori hadi mtaroni, ndoo zikamwagika na mkono ukateguka. Alinionyesha mahali penyewe: lami mpya, nzuri, pana, yenye taa, isiyo na hatua moja iliyotengwa kwa ajili yake. Barabara zilizojengwa kwa Mradi wa Miji ya Kimkakati zimeupendeza mji, nami nawashukuru waliozisimamia. Ila lami laini huongeza mwendo wa magari, na mwendo ukiongezeka mwenye baiskeli ndiye wa kwanza kuondolewa. Ninawaomba TARURA na TANROADS, kila barabara inapokarabatiwa, ukingo utakaotenga njia ya baiskeli uwe katika michoro tangu mwanzo, na miti ipandwe upande wa kivuli cha alasiri. Mama yule akikata tamaa, ataingia katika hesabu ya bodaboda, na binti yake hatajifunza kabisa kuendesha.

La mwisho ni reli. Njia ya reli ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911. Inapita Pongwe, karibu kabisa na ninapoishi. Usiku naisikia treni ya mizigo. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilianzisha treni za abiria za mjini juu ya reli za zamani zilizokuwepo, bila kusubiri reli mpya, na maelfu ya wafanyakazi wakazitumia kwenda na kurudi kazini. Naomba Shirika la Reli lipime uwezekano wa treni moja ya asubuhi kutoka Muheza kupitia Pongwe hadi stesheni ya Tanga, na moja ya kurudi jioni, siku za kazi. Mabehewa machache yanabeba watu wa vipanya vingi. Na kama mizigo mingi zaidi ya bandari ingepanda reli hiyo hiyo badala ya malori, mama wa ndoo za samaki angepata nafasi yake barabarani.

Waheshimiwa, ninafahamu kwamba hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuyafanya haya akiwa peke yake, na hilo ndilo lililoyachelewesha. Kwa hiyo ninawaomba mkutane kwa kikao kimoja kabla ya rasimu ya bajeti ijayo ya Jiji kufungwa, mkiwaita wawakilishi wa wamiliki, madereva, makonda, wanafunzi na watu wenye ulemavu, na mtoke na jina la ruti ya kuanzia na tarehe. Kabla ya kikao hicho, ninawaalika mje kituoni siku yoyote ya kazi saa kumi na moja jioni, bila msafara na bila kutangaza, mpande gari la Pongwe na mngoje liondoke. Mimi huwa pale kila siku, karibu na meza ya muuza maandazi, pamoja na wanafunzi wangu.

Wenu katika ujenzi wa Jiji letu,

Mwalimu, mkazi wa Pongwe, Tanga